Mfadhili Akifunga Mradi: Sauti Tano Kutoka Katavi

Katavi ilipohesabiwa mwaka 2012, mwaka uleule ilipomegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa, ilikuwa na watu 564,604. Miaka kumi baadaye sensa ikakuta watu 1,152,958. Wamo wenyeji, Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Wamo wafugaji na wakulima waliotoka Usukumani wakifuata malisho na ardhi, na wachimbaji wadogo waliofuata dhahabu. Wamo pia watoto na wajukuu wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wakapewa makazi Katumba na Mishamo, na wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Mkoa ukiongezeka namna hiyo, darasa la kwanza ndilo linalohisi kabla ya ofisi yoyote.

Kuna takwimu nyingine inayouma zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta kwamba katika wasichana wa Katavi wa miaka 15 hadi 19, asilimia 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Katavi iliongoza mikoa yote.

Hapo ndipo fedha za Mastercard Foundation zinapoingia kwenye habari hii. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2006, kampuni ya Mastercard ilipoingia kwenye soko la hisa na kuitengea sehemu ya hisa zake. Makao yake yako Toronto, Kanada, nayo ina bodi yake yenyewe. Tangu mwanzo ilishika mambo mawili: elimu ya vijana, na kuwafikishia watu wa kipato cha chini huduma za fedha. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba ifikapo 2030 itakuwa imewawezesha vijana milioni 30 wa Afrika kupata kazi zenye staha, ikaanza na nchi kama Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia, Ghana, Nigeria na Senegal. Tanzania haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo fedha zake zimefika hapa kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania Organization katika vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kimojawapo cha vyuo hivyo kiko Msaginya, Halmashauri ya Nsimbo, jirani na mji wa Mpanda. Wasichana walioacha shule husoma masomo ya sekondari na ufundi kwa pamoja, na wenye watoto huja nao.

Wasemaji watano wanaofuata nimewatunga mimi. Hoja zao sikuzitunga. Ukikaa Mpanda kwenye kibaraza chochote chenye kahawa utazisikia. Nitaingilia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU MSTAAFU: Naanza na swali la mtu aliyefundisha miaka mingi. Mradi huu ukifungwa, kinabaki nini? Nimeona magari yenye nembo mlangoni yakija na yakiondoka. Kila mradi unakuja na semina, fulana na kitabu cha mahudhurio. Ukiisha, mratibu anahamia Dodoma, na msichana aliyeahidiwa cherehani anabaki na cheti.

BINTI: Shikamoo Mwalimu.

MWALIMU MSTAAFU: Marahaba, mwanangu. Sikukulenga wewe.

BINTI: Najua. Ila mimi ndiye huyo msichana, kwa hiyo naomba nijibu. Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili. Wakati ule hakukuwa na mjadala, ukijulikana umeondoka. Nilikaa nyumbani nikilima tumbaku ya watu. Niliposikia kwamba chuo kinapokea hata mwenye mtoto, mama alidhani ni matapeli. Nikaenda. Nilichokikuta ni chumba kimoja chenye magodoro na mlezi, jirani na madarasa. Asubuhi namkabidhi mwanangu, naingia kwenye hesabu na Kiswahili. Saa ya mapumziko natoka namnyonyesha, narudi. Mchana niko kwenye ushonaji. Bila chumba kile nisingemaliza hata wiki. Cherehani nilinunua mwenyewe, kwa mkopo wa kikundi cha Mama huyu hapa, mweka hazina.

Acheni nikazie hapo. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana atakayepata mimba hatarudi shuleni. Mpaka Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kuwaruhusu warudi, vyuo vya maendeleo ya wananchi vilikuwa miongoni mwa milango michache iliyobaki wazi kwa wasichana hao, kwa sababu havikuwa shule na katazo halikuvigusa. Leo katazo halipo. Lakini kumruhusu mama wa miaka 17 arudi kidato cha pili ni jambo moja, na kumtafutia mtu wa kumshikia mtoto kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri ni jambo jingine. Shule zetu za sekondari hazina chumba hicho. Nikiulizwa fedha za Toronto zimenunua nini cha maana Msaginya, nitakitaja chumba cha watoto kabla ya vitabu na kabla ya vyerehani.

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Nashukuru Binti amesema, kwa sababu sisi maafisa tukisema tunaonekana tunatetea posho. Mwalimu anasema miradi inaondoka, ni kweli. Lakini huu haukuja kujenga chuo chake. Vyuo hivi vipo tangu miaka ya 1970, walimu wanalipwa na Serikali, majengo ni ya Serikali. Mfadhili ameongeza kile kilichokosekana. Huo ndio ubia ninaoutaka mimi.

MWALIMU MSTAAFU: Afisa, umenipa silaha mwenyewe. Vyuo hivi Mwalimu Nyerere alivianzisha mwaka 1975 kwa mfano alioupenda wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na Wasweden wakachangia fedha na wataalamu. Vilikuwa na uhai! Mwanakijiji aliyetumwa na kijiji chake alikwenda kujifunza useremala, uashi, ufugaji, siasa ya nchi yake, akarudi kijijini. Halafu msaada wa Sweden ukapungua, bajeti ya Serikali ikabanwa, na vyuo vingi vikachakaa. Nimeona karakana za vyuo vya namna hii zikiwa na misumeno iliyoota kutu na paa linalovuja. Vimekarabatiwa juzijuzi tu. Kwa hiyo ninaposema mfadhili ataondoka, sitabiri. Nasimulia yaliyovipata vyuo hivihivi.

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Lakini havikufa.

MWALIMU MSTAAFU: Kulala miaka ishirini si uzima.

MWEKA HAZINA: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, tuko wanawake na wanaume wachache, wengi wafanyabiashara wa sokoni. Nimewasikia. Mnagombania chuo, mimi nataka tuzungumze fedha, maana taasisi hii inasema inafikisha huduma za fedha kwa maskini, na maskini ndio sisi. Sisi tuna huduma za fedha. Tunakutana kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wanaokaa nyumba tofauti, na mimi mwenye sanduku sina ufunguo hata mmoja. Hisa ni shilingi elfu mbili, mtu ananunua moja mpaka tano, anapigiwa mihuri kwenye kitabu chake mbele ya wote. Anayetaka kukopa anakopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mfuko wa jamii uko pembeni, huo ni wa msiba na ugonjwa. Mwisho wa mwaka tunavunja, tunagawana, tunaanza upya. Nani atanifundisha nini?

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Mama, hata mfumo huo uliletwa na mradi. Ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Wafadhili walilipia waliotufundisha.

MWEKA HAZINA: Walilipia mafunzo, sawa. Fedha ni zetu. Hakuna mfadhili aliyetia hata mia kwenye sanduku, na ndiyo maana hakuna anayekimbia na mkopo. Ukikimbia umekimbia na ya jirani yako.

Kauli hiyo ya Mama ina uzito kuliko vijarida vingi nilivyosoma kuhusu huduma jumuishi za fedha. Tanzania imesifiwa sana katika eneo hili. Utafiti wa FinScope wa 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni simu. Mtu mwenye laini anayepokea shilingi elfu kumi kutoka kwa mwanawe, akaitoa kwa wakala dakika hiyohiyo, amehesabiwa kuwa ndani ya mfumo. Hajaweka akiba wala hajakopa chochote. Kabla sijashangilia asilimia, nataka kujua fedha ilikaa wapi usiku ule na ikamfanyia nini mwenyewe.

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Ndiyo maana ukaja mpango mwingine wa taasisi hiyohiyo, uliohusisha Ghana, Tanzania na Zambia, wa kuunganisha vikundi na benki. Sanduku linaweza kuibiwa. Fedha zikiwa benki ziko salama, na kikundi kinaweza kukopa zaidi ya akiba yake.

MWEKA HAZINA: Wizi upo, sikatai. Msimu wa kugawana unapokaribia silali vizuri. Lakini benki inachukua akiba yetu leo, inamkopesha nani? Mfanyabiashara wa mjini mwenye hati ya nyumba. Sisi tukienda kuomba tunaambiwa tulete dhamana. Halafu kuna hii ya simu. Tuliambiwa tuweke akiba ya kikundi kwenye simu, tukaanza kuzoea, ikaja tozo ya miamala Julai 2021. Wanachama wakasema: rudisha sanduku. Tozo ilipunguzwa baadaye, ila imani hairudi kwa tangazo la gazeti la Serikali.

KIJANA WA BODABODA: Samahani, wakubwa. Naomba na mimi nafasi. Nimesikia wasichana, nimesikia akina mama. Mimi ni mvulana niliyeishia darasa la saba. Baba alikuwa na heka za tumbaku, akaona nikikaa shuleni nani atavuna. Nikaenda machimboni, nikarudi mikono mitupu, sasa naendesha pikipiki ya mtu. Kila siku nampelekea hesabu yake, iwe nimepata abiria au sijapata. Nikikwama nachukua hii mikopo ya kausha damu. Nachukua laki moja, wananiandikia marejesho ya kila siku, nikichelewa wanachukua simu, wanakuja nyumbani kwa mama. Mimi mradi wangu uko wapi?

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Ipo mikopo ya halmashauri. Asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hakuna riba.

KIJANA WA BODABODA: Ilisitishwa mwaka 2023.

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Ikarejeshwa 2024, na utaratibu mpya.

KIJANA WA BODABODA: Utaratibu mpya unataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, andiko la mradi, akaunti ya benki. Vijana wenzangu wa kijiweni hatukai mahali pamoja miezi sita. Huyu kaenda Tunduma, huyu kaenda machimboni Chunya. Nani ataandika katiba?

BINTI: Kaka, chuoni wavulana wapo pia, kwenye umeme na uashi.

KIJANA WA BODABODA: Najua wapo. Wanalipa ada. Mimi nikiacha pikipiki wiki moja mwenye pikipiki anampa mwingine.

Kijana amegusa mahali ambapo mipango mingi haifiki, na sitajifanya nina jibu kamili. Uamuzi wa kuwatanguliza wasichana Katavi naona ni wa haki, kwa sababu asilimia 45 si takwimu ya kuipita. Lakini aliyewapa mimba wasichana hao mara nyingi ni kijana kama huyu au mwanamume mwenye fedha kumzidi, na kijana asiye na kesho ya uhakika hawezi kuwa baba wa kutegemewa. Mfadhili mwenye fimbo ndefu kiasi hicho angeweza kujaribu kitu ambacho halmashauri haithubutu: mafunzo ya jioni kwa watu wa kijiweni, na pikipiki za kukopeshwa kwa bei ya haki, ili hesabu ya kila siku iishe siku moja na pikipiki iwe yao. Jambo la namna hiyo likifeli, fedha iliyopotea ni ya hiari. Likifeli kwa fedha ya ushuru wa mahindi wa Mpimbwe, diwani ataulizwa kwa haki kabisa.

MWALIMU MSTAAFU: Umesema fedha ya hiari. Hebu tuseme inatoka wapi. Taasisi inamiliki hisa za kampuni ya kadi. Watu wakilipa kwa kadi duniani, kampuni inapata, hisa zinapanda, taasisi inatajirika. Halafu taasisi inatufundisha umuhimu wa kuingia kwenye mfumo wa fedha. Mimi si mchumi, lakini naona duara.

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Mwalimu, ni nani hapa Nsimbo mwenye kadi? Watu wana laini za simu.

MWALIMU MSTAAFU: Sizungumzii leo. Nauliza nani aliamua. Wewe ulishirikishwa lini kupanga? Diwani alipiga kura lini? Nchi saba zilichaguliwa Toronto, malengo ya 2030 yaliandikwa Toronto. Serikali ikiniangusha nina kadi ya kura. Taasisi ikiniangusha nina nini?

BINTI: Mwalimu, kwa heshima, serikali ya kuchaguliwa ndiyo iliyonifukuza shule. Fedha ya hao wasiochaguliwa ndiyo iliyonirudisha.

Hapo kibaraza kingenyamaza kidogo. Na mimi naona Binti ana haki yote ya kusema hivyo, na bado swali la Mwalimu linasimama. Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeacha kuendesha misaada hiyo. Kliniki na miradi katika nchi nyingi za Afrika ilijua ndani ya siku chache kwamba mshahara wa mwezi ujao haupo. Mastercard Foundation si serikali, haiyumbi kwa uchaguzi wa Marekani, na ina akiba yake. Lakini bodi nayo hubadilisha mkakati. Miaka ya mwanzo ilizungumza sana kuhusu mikopo midogo. Baadaye lugha ikawa kazi kwa vijana. Kesho inaweza kuwa tabianchi au akili bandia, na huo utakuwa uamuzi halali wa watu wenye fedha zao. Ninachokitaka mimi ni kwamba siku hiyo ikifika, chumba cha watoto cha Msaginya kisijue kitu.

MWEKA HAZINA: Basi tuseme wazi. Nani anamlipa mlezi?

BINTI: Nilivyoelewa mimi, mradi.

MWEKA HAZINA: Na chakula cha watoto?

BINTI: Sehemu mradi, sehemu tulichanga wenyewe, mahindi na karanga.

MWEKA HAZINA: Afisa, halmashauri haiwezi kumlipa mlezi mmoja?

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Hapo ndipo penye kizungumkuti, Mama. Chuo hakiko chini ya halmashauri, kiko chini ya Wizara ya Elimu. Zamani kilikuwa Maendeleo ya Jamii. Mimi siwezi kuandika mshahara wa mtumishi wa chuo kwenye bajeti yangu. Wizara nayo ina mkufunzi wa umeme, ina mkufunzi wa ushonaji, lakini mlezi wa watoto hayumo kwenye muundo wa utumishi wa chuo. Vituo vya kulelea watoto vinasajiliwa na ustawi wa jamii. Kwa hiyo mlezi ni wa kila mtu na si wa mtu.

MWALIMU MSTAAFU: Unaona? Mfadhili analipia kile ambacho hakina fungu. Na kisicho na fungu ndicho kinachokufa kwanza.

Kwa hili niko na Mwalimu moja kwa moja, na ndilo lililonifanya niandike. Mpango huu uko katika vyuo 54, kutoka Msaginya hadi vyuo vya pwani. Walezi wawili katika kila chuo ni watu 108. Kwa wizara yenye maelfu ya walimu, hiyo si ajira ya kuogopesha. Kazi ya kujaribu imekwishafanywa kwa fedha ya mtu mwingine, na mabinti waliomaliza wapo, wanahesabika. Kungoja mpaka mradi ufungwe ndipo tuanze kuulizana ni kurudia yaleyale yaliyozikuta karakana za miaka ya 1990. Mlezi aingizwe kwenye muundo wa utumishi wa vyuo sasa, mfadhili akiwa bado mezani, na mkataba wake useme waziwazi mwaka gani Serikali inapokea mshahara huo.

Kwenye fedha niko na Mama. Taasisi ikitaka kusaidia vikundi vya Katavi, iache sanduku lilipo. Ilipie dhamana upande wa benki, ili benki ikubali kitabu chenye mihuri ya miaka mitatu kuwa ushahidi wa mtu anayelipa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatambulika na vinatakiwa kusajiliwa. Serikali imeshamjua Mama. Benki ndiyo bado.

AFISA MAENDELEO YA JAMII: Haya ya mlezi yanaweza kupanda. Kikao cha ushauri cha mkoa kinapokea hoja kutoka chini, na wabunge wetu wanakaa humo. Lakini sitapeleka maneno ya kibarazani. Nahitaji karatasi: mabinti wangapi wamepita, wangapi walikuwa na watoto, wangapi wamefanya mtihani wa maarifa, wangapi wanafanya kazi.

BINTI: Tuliomaliza pamoja tuna kundi la simu. Naweza kuwakusanya.

MWALIMU MSTAAFU: Mwandiko nitautoa mimi. Ripoti za shule nimeandika maisha yangu yote.

KIJANA WA BODABODA: Na sisi wa kijiweni mtatuandika?

MWALIMU MSTAAFU: Njoo Jumamosi na wenzako watano. Uje na hesabu yako: unapeleka kiasi gani kwa mwenye pikipiki kwa wiki, na kausha damu wanakula kiasi gani. Tutaanzia hapo.